Sala zipo, ila zimehamia majumbani

Mhariri, wiki hii mmeuliza parokiani kwetu tunajiandaaje na Krismasi, na kama sala bado zipo au imebaki pilau na nguo mpya. Mi nasali huku Dar, upande wa Kimara, na naona sala zipo tena nyingi tu, ila ukizitafuta kanisani Jumapili utaondoka na robo yake, we zifuate kwenye jumuiya ndogondogo, vile vikundi vya waumini majirani wanaosali majumbani.

Kanisani utaona ya kuonekana. Taji la Majilio, zile Dominika nne za kujiandaa na Krismasi, lina mishumaa minne, mitatu zambarau na mmoja wa pinki wa Dominika ya tatu, siku hiyo na padre mwenyewe anavaa pinki na watoto wanacheka kila mwaka kama hawajawahi kuona. Wimbo wa Utukufu hatuimbi kwenye Dominika za Majilio, unasubiri mkesha wa Krismasi. Na kwaya wako mazoezini kila jioni, hongera zao, ila kwaya nazo bana, ikifika Novemba stori ni kitenge cha sare na mchango wa sare, mwenye hela kidogo anaanza kukosa mazoezi kimya kimya mpaka Krismasi yenyewe anakaa benchi la nyuma, na sauti anayo! Hapo mi sikubaliani kabisa.

Sasa njoo jumuiyani. Hizi jumuiya maaskofu wa Afrika Mashariki walizipa kipaumbele walipokutana Nairobi mwaka 1976, na ukitaka kujua kwa nini, njoo kwenye novena ya Noeli, sala za siku tisa. Inaanza 16 Desemba mpaka 24, sisi tunaifanya jioni, kila siku nyumba nyingine, na watu wanatoka kazini moja kwa moja, mtu kateswa na foleni ya Morogoro Road anaingia na begi lake mgongoni tumeshafika katikati ya rozari anakaa tu popote. Tunasoma somo la siku, wawili watatu wanasema limewagusa wapi, maombi, wimbo. Kuanzia tarehe 17 tunaongeza zile antifona kuu, viitikio vifupi vya kumwita Bwana, Ee Hekima, Ee Adonai, mpaka tarehe 23 Ee Emanueli, na mi nazipenda sana kwa sababu zote zinaisha kwa kumwambia Bwana njoo, hakuna maneno mengi.

Kuna bibi mmoja kwenye jumuiya yetu hatoki kitandani, basi kitanda kinasogezwa sebuleni, sie tunabanana kwenye mikeka na viti vya plastiki ambavyo majirani Waislamu wanatuazima bila hata kuuliza vitarudi lini. Litania ya Bikira Maria anayo yote kichwani, hataki mtu ashike kitabu, na wimbo anauanzisha yeye tena juu sana, wanaume wote tunabaki tunahangaika huko chini, yeye wala hana habari. Padre akija kumpa kitubio na komunyo siku zile tunamsindikiza. Kwangu ukiniuliza Majilio ni nini nitakutajia hiyo sebule kabla ya kanisa.

Halafu kuna kapu. Kila anayekuja novena anaweka alichonacho, mchele, sukari, mafuta, sabuni ya mche, na nani apelekewe tunaongea wenyewe maana tunajuana, fulani kaachishwa kazi, fulani mume anaumwa. Linapelekwa usiku, majina hayasomwi popote. Nimeona sehemu watu wanaitwa mbele wapokee misaada huku simu zinapiga picha, mi naona ni kuwaaibisha watu.

Mwenyekiti wetu naye Desemba ndo msimu wake wa mateso. Wazazi wanataka watoto wabatizwe Krismasi, na bila barua ya jumuiya ofisi ya parokia haikusikilizi, basi utaona sura ambazo tangu Pasaka hazijaonekana zinagonga geti saa 2 usiku, "mwenyekiti shikamoo, naomba sahihi tu". Yeye mjanja, anamwambia karibu novena kesho ni kwa fulani, sahihi utaipata hukohuko. Wengine wananuna, lakini kuna familia zilikuja kwa ajili ya sahihi mpaka leo tunasali nazo.

Vijana wao ni pango la kuigiza alikozaliwa Yesu. Mtakatifu Fransisko mwaka 1223 pale Greccio huko Italia aliweka ng'ombe na punda wa kweli, wetu wanatumia karatasi za mifuko ya simenti wanazikunja zinakuwa mawe, wanapaka rangi, majani ya mgomba pembeni, na Mtoto Yesu hawekwi mpaka usiku wa mkesha. Kazi nzuri na wanaifanya huku wanaimba.

Shida yetu kubwa ni safari za Krismasi kwenda Moshi, nasema ukweli. Novena ikifika katikati nusu ya jumuiya imeshapanda basi inaenda Rombo, Kibosho, Marangu, na siwalaumu, mi mwenyewe wa huko. Siku hizi anayesafiri anaondoka na karatasi ya novena, akifika anaingia jumuiya ya nyumbani kwao anaendelea pale alipoachia, na jioni anatuma neno kwenye grupu la WhatsApp kwamba leo tumesalia kwa mama fulani. Tunaobaki Dar tunapungukiwa besi na tenor, sauti zote za wanaume, mkesha tunaimba sauti mbili na padre hajawahi kulalamika.