Kumchua punda wa kupandwa: wasomaji wa Lamu mmeuliza, tunajibu

Punda wangu akitandikwa tu, hulaza masikio na kubonyeza mgongo. Ni misuli? (Langoni)

Huenda. Mfunge kivulini akiwa amepoa, umpitishe kiganja tangu shingoni hadi matakoni, huku na huku, ukilinganisha. Msuli uliokaza huwa mgumu kama kamba iliyovutwa, na ukiubonyeza ngozi hutetemeka au mgongo hukwepa mkono. Punda huficha maumivu kuliko farasi, kwa hiyo hata akiacha kutafuna na kutulia tuli, limekwishapatikana jibu. Ila yale manyama magumu juu ya shingo ya punda mnene ni mafuta, usiyahangaikie.

Namchua vipi, na kwa muda gani? (Shela)

Dakika 10 kila upande zatosha. Kwanza mtoe mchanga na chumvi ya jasho kwa brashi. Mpapase kwa kiganja kizima kufuata lalio la manyoya, dakika 2 hivi, azoee mkono. Kisha nenda kando ya uti wa mgongo, vidole vitatu kutoka mfupani: weka kitako cha kiganja, egemea polepole, hesabu hadi 10, achilia polepole vilevile, sogea mbele kidogo. Mfupa wenyewe usiuguse. Nyuma ya bega kanda kwa vidole vyote. Matakoni, ambako waendeshaji wetu wengi hupenda kukalia, nyama ni nene: tumia ngumi iliyolegea, kwa miduara.

Akipiga miayo, akilamba midomo au akiinamisha kichwa, umepapata; baki hapo. Akihama au akiinua mguu, punguza nguvu. Wengi huharibu kwa kutumia nguvu nyingi, maana msuli unaoumizwa huzidi kujikaza. Ukimaliza, mtembeze dakika 5.

Mafuta ya nazi au ya simsim? (Matondoni)

Yote mawili yaacheni jikoni. Mafuta hunasa mchanga, na chini ya matandiko mchanga huo hukwangua ngozi mpaka kidonda. Chua kwa mkono mkavu.

Na siku ya mashindano ya punda ya Maulidi? (Mkomani)

Kabla ya mbio, mpapaso mwepesi tu. Baadaye mtembeze mpaka pumzi zirudi kama 20 kwa dakika, apate maji, ndipo umchue.

Namchua kila siku, ugumu unarudi. (Kipungani)

Basi sababu bado iko. Angalia kama matandiko yanaukalia uti wa mgongo, kama shogi, ile mifuko ya mizigo ya huku na huku, limeelemea upande mmoja, kama mpandaji ni mzito mno. Kwato nazo: zikirefuka, punda hubadili mwendo na mgongo ndio hulipa. Zichongwe kila wiki 6 hadi 10.

Usichue kabisa penye kidonda, uvimbe au joto. Akikakamaa baada ya kazi na mkojo ukawa rangi ya kahawa, msimamishe hapo hapo, asitembezwe. Taya zikibana na kigozi cha konani mwa jicho kikajitokeza, hiyo ni pepopunda. Kote kuwili waiteni watu wa kliniki ya Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, iliyopo Lamu tangu 1987; matibabu yao ni bure.