Nikiitwa niongee Kijerumani maneno yote yanapotea

SWALI: Dada shikamoo, nasoma Kijerumani A1, ile ngazi ya kwanza kabisa, hapa Dar, kuandika naweza ila mwalimu akiniita niongee moyo unaenda mbio na kila kitu kinafutika. Simu inaweza kunisaidia kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu na pole sana, huo sio uvivu, tangu 1986 watafiti kina Elaine Horwitz kule Marekani waliandika kwamba woga wa darasa la lugha ni woga wa aina yake. Kila usiku jirekodi kwenye simu ukijitambulisha, jina, umri, unapotoka, unapokaa, lugha, kazi, maana ndo mambo yenyewe ya sehemu ya kwanza ya mtihani wa kuongea wa A1, sikiliza, futa, rudia hata mara kumi, hakuna wa kukucheka. Ukizoea mtumie mwenzako voisi noti, mmoja tu, usikimbilie grupu. DW, lile shirika la utangazaji la Ujerumani, nao wana kozi ya video ya bure, unairudisha nyuma unavyotaka. Programu za kusahihisha matamshi mi naona ziache kwanza, kila saa "umekosea" zinaongeza woga tu. Na mwalimu mwambie mapema, muombe uanze kuongea na jirani yako wa dawati.