Shangazi, kila wiki naongopa kazini ili niweke Sabato

"Shangazi shikamoo. Nina miaka 26, ni Myahudi, kwetu ni Mbale Uganda ila niko Nairobi, nauza duka la hadiwea. Bosi mpya ameanza kutuita Jumamosi kuhesabu stoki. Sabato siwezi kufanya kazi, sasa kila wiki natoa kisingizio, mara tumbo, mara nimefiwa na mjomba. Hata kofia yangu ya Kiyahudi naivua nikipanda matatu. Naona aibu kusema na naona aibu kunyamaza. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma usiku nikairudia asubuhi, na kilichoniuma zaidi ni huyo mjomba. Yuko hai, anakula chakula chake huko Mbale, na wewe umeshamzika kwa mdomo wako ili upate siku ambayo ni yako tayari. Hapo ujue aibu imekukalia vibaya.

Mimi si Myahudi, lakini niliwahi kufika kwenu kilima cha Nabugoye na familia moja ikanikaribisha Ijumaa jioni. Mpaka leo naiona ile meza, mishumaa miwili imewashwa kabla jua halijazama, mama amefunika macho kwa viganja anaomba, watoto kimya kabisa na huko nje bodaboda zinapita kama kawaida. Hakuna aliyemwombea mtu radhi pale. Na wewe umelelewa kwenye nyumba kama ile, umetokea kwa watu walioanza na Semei Kakungulu, mkuu wa vita ambaye Waingereza walimtumia kuishika mashariki ya Uganda, angeweza kunyamaza ale cheo chake lakini mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe akasema anafuata Torati. Halafu akaja Amin akapiga marufuku dini yenu, watu wakasali kwa kujificha, wengi wakahama dini, waliobaki wakawa mamia tu. Na Amin mwenyewe akaanguka Aprili 11, 1979, jioni ileile Pasaka yenu inaingia! Wazee wako walificha kwa sababu ya bunduki, wewe bosi hata hujamuuliza.

Sasa nadhani unaogopa ukisema utaonekana mjeuri, unajifanya mtakatifu kuliko wenzako. Hapo walimu wenu walishafika zamani sana. Kwenye Pirkei Avot, kile kitabu cha mausia ya marabi wa kale, Yehuda ben Tema anasema uwe shupavu kama chui, mwepesi kama tai, mbio kama swala na hodari kama simba katika kufanya mapenzi ya Baba yako wa mbinguni. Watu wengi wanaishia hapo kwa chui, lakini endelea kusoma, yeye huyohuyo anasema mwenye macho makavu anakwenda Jehanamu na mwenye haya anakwenda bustani ya Edeni. Yaani ushupavu ni wa kutenda, haya ibaki usoni. Naye Rabi Moshe Isserles wa Krakow, karne ya 16, aliliweka mwanzo kabisa wa sheria za kila siku, pale pa mtu anavyoamka asubuhi, kwamba usione haya mbele ya wanaokucheka kwa ajili ya ibada yako. Na marabi waliokuja baadaye wakaongeza, usiwajibu kwa ufidhuli. Kwa hiyo huhitaji kugombana na mtu, unahitaji kusema tu.

Usingoje Ijumaa. Nenda Jumanne asubuhi kabla wateja hawajajaa, simama mbele yake mwambie hivi: "Bosi, mimi ni Myahudi, Ijumaa jua likizama mpaka Jumamosi nyota zitoke sifanyi kazi. Jumapili niko, na Alhamisi naweza kubaki mpaka usiku nianze kuhesabu misumari na rangi." Halafu nyamaza, usiongeze mbwembwe. Bosi wa Kenya hawezi kushangaa Sabato, Wasabato wamejaa nchi hii nzima, na bila shaka kila Ijumaa mchana anaona Waislamu wakienda msikitini na hakuna anayesema wanaumwa tumbo. Akikataa kabisa ujue Katiba ya 2010 kifungu cha 32 inasema mtu asinyimwe kazi kwa sababu ya dini yake, ila hiyo usianze nayo, iache mfukoni.

Na ya mjomba mwambie siku hiyohiyo. Itakuuma, uso utakuwaka moto, lakini ukiiacha itakuja kukukamata siku mjomba akikupigia simu ukiwa kaunta.

Kofia usijilazimishe kwa siku moja. Hata kofia ya kawaida inafunika kichwa, anza nayo kwenye matatu mpaka mkono uache kuitafuta, ile nyingine itafuata.

Mishumaa umenunua? Washa miwili Ijumaa hii hata kama uko peke yako kwenye hako kachumba, halafu Jumapili niandikie uniambie bosi alisemaje.

Shangazi yako