Maswali ya Wasomaji: Chalenji ya riwaya za upelelezi, mwaka umefungwaje?

Barua nyingi za mwisho wa mwaka zimetoka kwa watu waliojiwekea chalenji ya kusoma riwaya za upelelezi na sasa wanafunga hesabu. Tumechukua sita za kanda ya kati. La mwalimu wa Kondoa tumelijibu kwa kirefu, maana ndilo linalobeba mengine yote.

Nililenga vitabu 52, kimoja kila wiki. Nimemaliza 19. Niko ofisini Mtumba, na kati ya Aprili na Juni nilisoma kimoja tu. Ndiyo nimefeli?
*Mtumishi, Dodoma*

Hukufeli, ulipanga vibaya. Riwaya ya kurasa 200 mara 52 ni kurasa 10,400, yaani 28 au 29 kila siku iendayo kwa Mungu, sikukuu zikiwemo. Ukurasa ukikuchukua dakika mbili, hiyo ni karibu saa nzima kila siku. Aprili hadi Juni Dodoma ni Bunge la bajeti, na tarehe 30 Juni mwaka wa fedha unafungwa. Mtu wa ofisini saa hiyo aitoe wapi?

Sasa iweke kando hiyo miezi mitatu uone kilichobaki: vitabu 18 kwa miezi tisa, viwili kila mwezi. Hiyo ndiyo kasi yako. Mwaka huu andika 21: viwili kwa kila mwezi wa kawaida, na kimoja chembamba kwa kila mwezi wa bajeti. Mkulima wa zabibu wa Hombolo naye akate miezi yake ya kuvuna, maana anavuna mara mbili kwa mwaka na hakuna anayesoma fumbo akiwa na matenga yanamsubiri.

Kama huwa unasafiri kwenda Dar es Salaam kwa treni ya SGR, zile saa tatu na nusu hivi zinakupa kurasa mia moja. Kwenye daladala ya Mtumba, umesimama na mkono mmoja juu, usijidanganye.

Jambo moja zaidi: pembeni ya kila jina la kitabu andika idadi ya kurasa. Novemba ikifika watu huanza kuokota vijitabu vya kurasa 60 ili namba ipande. Safu ya kurasa itakuumbua mapema.

Nimesoma riwaya 23. Nilipokaa kuzipitia, kumi sikumbuki muuaji alikuwa nani, na mbili sikumbuki hata nani alikufa. Nifanyeje?
*Mwalimu, Kondoa*

Mwalimu, kumbukumbu yako haina kasoro. Riwaya ya fumbo ukiisoma mbio mbio mpaka mwisho, jibu unapewa kabla hujalitafuta, na jibu la kupewa halikai. Kinachokaa ni pale ulipoamua kwamba ni fulani, kisha ukaumbuka au ukapatia. Kwa hiyo lazima usimame kabla ya mwisho na uandike.

Chukua daftari la kaunta la kwaya mbili. Kila kitabu kipe kurasa nne. Ya kwanza ni ya watu: kila anayetokea zaidi ya mara moja, jina lake, kazi yake, anamjuaje marehemu. Ya pili ni ya saa: nani alikuwa wapi, na nani anathibitisha. Ya tatu ni ya maneno yanayogongana. Ya nne iache tupu mpaka siku ya kusimama.

Ukurasa wa tatu ndio wenye kazi. Tuseme tajiri mmoja amekutwa amekufa barazani kwake. Ukurasa wa 41 mlinzi anasema taa ya baraza iliungua tangu juzi yake. Ukurasa wa 63 mpishi anasema akiwa jikoni alimwona mwanamke mwenye kanga nyekundu akikatiza barazani. Msomaji wa mbio anaondoka na kanga nyekundu na kuanza kumsaka mwenye nayo. Wewe unaandika hivi tu: "41 giza, 63 rangi." Gizani rangi haionekani. Ama mlinzi kaongopa, ama mpishi, ama palikuwa na mwanga mwingine ambao hakuna aliyeutaja. Kanga ni ya nani? Hilo litasubiri. Mwandishi aliiweka nyekundu makusudi ili ukimbilie huko.

Ukurasa wa saa nao una mtego wake kwa sisi tunaosoma lugha mbili. Riwaya ya Kiingereza ikisema mtu alionekana saa tatu usiku wa manane, kwetu hiyo ni saa tisa. Ukichanganya kwenye daftari, ushahidi wote wa nani alikuwa wapi unaharibika. Andika kwa saa za Kiswahili pekee, kitabu kiwe cha lugha yoyote. Na kwenye riwaya za zamani za pwani angalia siku: "usiku wa Ijumaa" kwa wenyeji mara nyingi ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa.

Usimame wapi? Baada ya sehemu nne kati ya tano za kitabu. Chenye kurasa 160, simama 128. Mpelelezi akishaanza kuwakusanya watu wote sebuleni umechelewa. Hapo fungua ukurasa wa nne, andika kwa kalamu ya wino na uweke tarehe: muuaji, sababu, njia aliyotumia, na kurasa mbili zinazokufanya useme hivyo. Penseli hatuishauri, maana mkono unakuwa mwepesi wa kufuta ukishajua jibu.

Alama: muuaji 3, sababu 2, njia 1. Bila zile kurasa mbili za ushahidi, alama 3 za muuaji hazitolewi. Sharti hili ni kwa ajili ya wale wanaomtaja kila mara yule mpole asiyedhaniwa. Wanapatia mara nyingi na hawajui kwa nini. Desemba ukijumlisha utaona mengi zaidi ya idadi. Wasomaji wengi hupatia mtu na kukosa sababu, na chanzo mara nyingi ni kuruka kurasa za mwanzo, zile za ndugu, mirathi na madeni, ambako sababu hufukiwa mapema.

Lakini utaratibu huu ni wa fumbo. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, na kiko chake, anakaa humo vizuri. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na *Kufa na Kupona* mwaka 1974, ni jasusi, na mbio zake ni za aina nyingine. Kumsubiri "muuaji ni nani" ni kumwonea mwandishi. Kwake simama mara tatu, kila anapobanwa kabisa, uandike: atatokaje, na kwa kitu gani ambacho tayari tumeonyeshwa? Akitoka kwa kitu ambacho hakikuwahi kutajwa, mkate mwandishi alama badala ya kujikata wewe.

Kurudia kitabu kunahesabika? Na riwaya za mfululizo kwenye simu?
*Msomaji, Manyoni*

Kurudia kunahesabika mara moja, kwa kazi tofauti: safari hii jibu unalijua, unapiga tiki kila mahali mwandishi alipolificha. Bila tiki hizo, ni burudani tu, usiiandike.

Mfululizo uhesabu kwa maneno. Riwaya ya kurasa 200, kila ukurasa maneno 250, ni maneno 50,000. Sehemu za maneno elfu moja, basi ni sehemu 50. Iliyokatika njiani haihesabiki, na zinazokatika ni nyingi. Nakala za PDF zinazozagaa kwenye magrupu bila idhini ya mwandishi tuziache nje. Hakimiliki ina sheria yake hapa nchini tangu 1999.

Nilifuata chalenji ya miraba 25 iliyotungwa Uingereza, kila mraba na aina yake ya kitabu. Sita imebaki mitupu: mauaji kwenye theluji, kasri la mashambani, duka la chai na kadhalika. Nijaze kwa nini?
*Mwanafunzi, UDOM*

Usiitafute theluji. Jiulize inafanya kazi gani. Kwenye fumbo theluji ina kazi mbili: inawafungia watu mahali pamoja, polisi wasifike na muuaji asitoke, na inatunza nyayo. Hapa kwetu korongo linafanya zote mbili. Mvua zikikolea kati ya Desemba na Machi, korongo lililokuwa kavu tangu Mei linashuka ghafla na kukata njia kwa saa kadhaa. Maji yakipungua, mchanga wake mbichi unashika unyayo kuliko kitu chochote. Riwaya yoyote ambamo njia imekatika inajaza mraba huo. Kasri lijazwe na mahali penye mlango mmoja na watu wanaohesabika: bweni, boti ya kwenda Unguja, nyumba ya wageni. Duka la chai ni pale maneno yanapokusanyika, na huhitaji kwenda Uingereza kupata kijiwe cha kahawa au mashine ya kusaga.

Mwaka huu tengeneza yako, miraba 12. Kabla hujaanza, kila mraba uwe na vitabu viwili unavyojua vinapatikana maktaba, kwa rafiki au kwa muuzaji. Mraba usio na kitabu hata kimoja Januari hautakuwa nacho Oktoba.

Mraba wa "kabla ya 1970" uweke, una hazina: *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, 1960, *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambulla, 1965, *Kisima cha Giningi*, ya Abdulla tena, 1968. Ila angalia ukurasa wa hakimiliki. Mwaka mkubwa unaouona kwanza mara nyingi ni wa chapa uliyoshika mkononi. Tafuta mstari wa toleo la kwanza. Wengi huacha kitabu cha miaka ya sitini rafuni kwa kudhani ni cha majuzi.

Mraba mwingine wenye raha: "kimevunja kanuni ipi?" Mwaka 1929 Ronald Knox, padri na mwandishi wa Uingereza, aliorodhesha kanuni kumi za riwaya ya upelelezi. Mhalifu atajwe mapema. Njia ya siri isizidi moja. Mpelelezi asiwe ndiye mhalifu. Nguvu zisizo za kawaida zisitumike kufumbua. Ukifika hii ya mwisho, kifungue kile cha 1960: jina lina mzimu, lakini Bwana Msa anafanya kazi kwa akili, hapigi ramli.

Tuko wanane, pesa ni ya kitabu kimoja kimoja. Mwaka jana tulinunua kimoja tukasubiriana mpaka tukagombana.
*Mama wa kikundi cha kusoma, Mpwapwa*

Mama, chezeni upatu wa vitabu. Kila mmoja anunue kitabu tofauti, mkae duara, na kila baada ya wiki tatu kila kitabu kiende kwa wa kulia. Wiki 24 zikiisha kila mtu kasoma vinane kwa bei ya kimoja.

Kinachoua upatu huu ni mtu mmoja anayesema "nimalizie kidogo". Akishikilia kimoja, aliye kulia kwake anakosa, na kuanzia hapo vitabu viwili vinarundikana kwa mtu mmoja. Sharti: siku ya kubadilishana kitabu kinaondoka hata kama umebakiza kurasa tano. Utakimalizia wiki ya 25. Inauma mara moja, haijirudii.

Kuhusu kutoboleana siri: kila anayemaliza aandike jina la anayemshuku pale aliposimama, alitie kwenye bahasha, bahasha isafiri ndani ya kitabu ikiwa imebandikwa. Mazungumzo ya kitabu yasubiri mpaka duara lifunge, na hapo ndipo daftari la mwalimu wa Kondoa litakapowafaa, maana kitabu cha kwanza kitakuwa na miezi mitano kichwani. Na mpige marufuku kuandika pembezoni mwa kitabu. Duara moja liliharibiwa na neno "NDIYE!" kwenye ukurasa wa 30.

Nanunua vitabu vya mtumba barabarani. Viwili mwaka jana havikuwa na kurasa za mwisho. Nikaguaje haraka, muuzaji asinichoke?
*Kijana, Singida*

Dakika mbili zinatosha. Anza na mgongo wa kitabu.

Kikiwa kimebanwa kwa pini katikati, kama daftari, karatasi ya kwanza na ya mwisho ni karatasi moja iliyokunjwa. Kwa hiyo ukurasa wa jina ukiwa umelegea au haupo, nenda moja kwa moja mwisho: kuna uwezekano mkubwa na wenyewe umeenda. Fungua pia katikati, kwenye pini. Zikiwa na kutu, karatasi ya katikati huchomoka kwanza.

Kilichoshonwa kwa uzi kimetengenezwa kwa mafungu, mara nyingi ya kurasa 16, na uzi ukikatika linaanguka fungu zima. Pekua namba tu: 16 kwenda 17, 32 kwenda 33, 48 kwenda 49, mpaka mwisho. Cha gundi kikunjue taratibu katikati. Kikilia kama biskuti, gundi imekauka kwa joto na kurasa zitaanza kutoka moja moja mkononi mwako.

Mwishoni usisome, kodoa macho mstari wa chini kabisa wa ukurasa wa mwisho. Sentensi ikiishia katikati bila nukta, mrudishie muuzaji. Kama unakitaka hivyo hivyo kwa sababu ni adimu, dai punguzo, kisha soma mpaka kilipokatika, jaza ukurasa wa nne wa daftari, na uombe nakala kamili maktaba ya mkoa kwa ajili ya zile kurasa chache tu.