Kabla Hujamwita Seremala: Kukarabati Studio ya Habari Kuanzia Kwenye Fremu

Studio nyingi za habari hukarabatiwa kinyumenyume. Anaitwa mbunifu, anachora seti ikitazamwa kutoka juu ya kona ya chumba, bosi anaipenda, seremala anaanza kukata mbao. Kamera zikija kuwashwa, kinachokaa nyuma ya kichwa cha mtangazaji ni maungio ya mbao mbili na nusu ya herufi ya nembo. Ule mchoro mzuri mtazamaji hatauona kamwe, maana hakuna kamera inayokaa pale juu.

Kwa hiyo karatasi ya kwanza iwe orodha ya fremu, yaani kila picha ambayo kamera itamwonyesha mtazamaji. Taarifa ya habari ya kawaida haina nyingi: mtangazaji mmoja kuanzia kifuani, watangazaji wawili pamoja, mgeni wa mahojiano, mtu aliyesimama kando ya skrini kwa michezo au hali ya hewa, na fremu pana ya kufungulia na kufungia. Fremu ya kifua ndiyo inayokula muda mwingi. Fremu pana, ambayo watu hubishania kikao kizima, huonekana kwa sekunde chache. Pesa nazo zifuate njia hiyo. Eneo lililo nyuma ya kichwa na mabega lipewe vifaa bora. Uso wa mbele wa meza unaweza kuwa MDF (ubao wa unga wa mbao uliobanwa) iliyopigwa msasa na kupakwa rangi isiyong'aa, na hakuna atakayelalamika.

Ukubwa wa ukuta wa nyuma usikisiwe, una hesabu yake. Chukua upana wa fremu pale alipo mtangazaji, zidisha kwa umbali wa kamera hadi ukutani, kisha gawanya kwa umbali wa kamera hadi kwa mtangazaji. Tuseme kamera iko mita 3 kutoka kwa mtangazaji na ukuta uko mita 2.2 nyuma yake. Fremu ya kifua ina upana wa kama mita 1, hivyo ukutani inafunika mita 1.73. Fremu ya watu wawili yenye upana wa mita 2.2 inafunika mita 3.8. Ukinunua skrini ya mita 3, mtu mmoja amekaa vizuri, lakini watu wawili watafichua sentimita 40 kila upande. Sehemu hizo zinahitaji paneli. Rudia hesabu kwa kila kamera, hasa zile za pembeni zinazopiga kwa mshazari, kwa sababu ndizo zinazofichua mlango, kabati la nyaya na kiyoyozi.

Baada ya hesabu, bandika selotepu sakafuni, weka meza yoyote na maboksi, kalisha watu wawili, na tazama kwa kamera na lenzi zenu halisi. Washa na grafiki zenu: utepe wa jina, nembo ya kona, habari zinazotembea chini. Theluthi ya chini ya picha ni ya grafiki, kwa hiyo urembo wowote utakaouweka kwenye kimo hicho umeutupa. Kama vipande vya taarifa hukatwa wima kwa ajili ya simu, chora mistari miwili kwenye monita na uone kama katikati peke yake inatosha kujitambulisha.

Nafasi ya chumba

Kutoka kwenye uso wa skrini: mita 2.2 hadi kwa mtangazaji, mita 1.2 za kiti na meza, mita 3 kutoka ukingo wa mbele wa meza hadi kwenye kamera. Hizo ni 6.4. Ongeza mita 1 ya mpiga picha, sentimita 20 za unene wa skrini na 70 za fundi kupita nyuma yake, unafika mita 8.3. Chumba cha mita 6 kwa 6 hakifiki, ila kikigeuzwa kona kwa kona kina mita 8.5. Skrini ya mita 3 ikikatiza kona inakaa mita 1.5 kutoka kwenye pembe, na ile pembetatu ya nyuma inakuwa njia ya fundi. Zinabaki mita 7 mbele. Ni finyu lakini inawezekana, hasa kamera ya kati ikiendeshwa kwa rimoti.

Kishawishi ni kupunguza zile mita 2.2. Usizipunguze. Mtangazaji akisogea karibu na ukuta, taa yake inamwagikia skrini na kuifanya nyeusi ionekane kijivu, kivuli chake kinaangukia paneli, na lenzi inashindwa kumtenganisha na kilicho nyuma yake. Bora kupunguza meza.

Jukwaa na dari vinagombea nafasi

Aliyeketi kwenye kiti cha kawaida, macho yake yako takriban sentimita 120 kutoka sakafuni. Mpiga picha aliyesimama hutaka lenzi iwe 140 hadi 150. Ndiyo sababu meza ya habari hupandishwa juu ya jukwaa la sentimita 20 hadi 30, lenzi na macho vilingane. Lenzi ikimzidi, mtangazaji anaonekana mnyonge. Ikiwa chini yake, mtazamaji anasomewa habari na matundu ya pua.

Tatizo ni dari. Taa kuu inapaswa kumwangukia usoni kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45. Macho yakiwa mita 1.45 na taa ikiwa mita 2.5 mbele, nyuzi 35 zinataka taa iwe mita 3.2 juu, na bomba la kuitundika, ukihesabu mkono wa taa, karibu 3.7. Dari ya mita 3 haina nafasi hiyo. Hapo acha jukwaa kabisa, shusha kamera, sogeza taa hadi mita 2 na kubali nyuzi 30: taa itakaa 2.35 na bomba 2.85. Anayelazimisha jukwaa chini ya dari fupi huishia na taa ya nyuma ndani ya fremu na macho yaliyokunjwa.

Jukwaa likijengwa, lisijengwe kama kreti. Fremu ya mbao yenye mihimili kila sentimita 40, plywood mbili za milimita 18 zenye maungio yaliyopishana, gundi na skrubu. Misumari hulegea na kuanza kulia ndani ya miezi, na huchagua kulia wakati wa tanzia. Uwazi wa ndani ujazwe sufi ya mawe (nyuzi nzito za kunyonya sauti), chini zipite mikanda ya mpira, juu zulia. Vinginevyo kila kisigino kitakuwa ngoma.

Skrini ya LED

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kwanza, nunua ukubwa unaolingana na picha zako. Kabineti, yaani kipande kimoja cha skrini, ya milimita 600 kwa 337.5 yenye nafasi ya milimita 1.5625 kati ya nukta ina pikseli 384 kwa 216. Tano kwa tano zinatoa 1920 kwa 1080 kamili, skrini ya mita 3 kwa 1.69. Kila pikseli ya grafiki inapata nukta yake. Ukiongeza safu moja kwa sababu ukuta una nafasi, picha inabidi ivutwe, na maandishi madogo yanafifia kingo.

Pili, mawimbi yale yanayocheza kwenye skrini kama maji yenye mafuta, ambayo mafundi huyaita muare. Hutokea gridi ya nukta za skrini inapokaribiana na gridi ya pikseli za kamera. Rudi kwenye hesabu yetu: fremu ya watu wawili inaona mita 3.8 za ukuta kwa pikseli 1920, yaani pikseli moja kwa kila milimita 2, na nukta za skrini ziko kila 1.56. Zimekaribiana mno. Fremu hiyo pana pia ndiyo inayoonyesha kila kitu kwa ukali. Fungua mwanya wa lenzi hadi f/2.8 au f/4 (namba ndogo ni mwanya mkubwa) na punguza taa au weka kichujio cha kijivu, ili fokasi ibaki usoni. Badili kidogo pembe ya kamera au ukubwa wa zoom. Mara nyingi sentimita chache tu huyafuta. Kuzoom taratibu kuelekea skrini kwenye ufunguzi wa taarifa ni kuyaalika.

Tatu, mwanga. Skrini hizi zina nguvu kuliko studio inavyohitaji, hivyo zitatumika zikiwa zimeshushwa sana, pengine asilimia 10 hadi 20. Jaribu hapo hapo kabla ya kulipa, kwa picha ya anga inayofifia kutoka buluu hadi nyeusi. Skrini dhaifu itaonyesha ngazi badala ya mteremko. Dai skrini inayochora picha upya kwa kasi ya hezi 3840 au zaidi, na kichakataji kinachopokea genloki (mawimbi ya kulinganisha mapigo ya vifaa) ileile inayoongoza kamera. Bila hiyo mistari myeusi hupanda na kushuka. Chukua pia moduli za akiba za toleo lilelile la kiwanda, angalau asilimia 3. Moduli iliyonunuliwa mwaka mmoja baadaye huwa na weupe tofauti na hujitokeza kama kiraka kwenye shati.

Taa na rangi

Chagua kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) moja, kwa kawaida 5600, na kila chanzo kiifuate. Skrini nyingi hutoka kiwandani zikiwa 6500 au zaidi, ndiyo maana huonekana za buluu. Rekebisha skrini ifuate taa, si taa zifuate skrini. Taa ziwe na TLCI (alama ya jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa usahihi mbele ya kamera) ya 90 kwenda juu. Zilizo chini ya hapo mara nyingi huifanya ngozi iwe na ukijani ambao hakuna vipodozi vinavyouficha.

Kwa mtangazaji mwenye ngozi nyeusi, kosa la kawaida ni kuongeza nguvu ya taa hadi paji la uso ling'ae. Kinachohitajika ni chanzo kipana na laini, taa ya nyuma inayochora mabega na nywele, na ukuta wa nyuma ulioshushwa. Wawili wenye ngozi tofauti wakikaa pamoja, kila mmoja apewe taa kuu yake yenye kidhibiti chake. Miwani iking'aa, pandisha taa na uisogeze pembeni kabla hujamwomba mtu avue miwani yake.

Mikanda ya LED ya urembo nayo ina vituko. Ya bei rahisi hupunguza mwanga kwa kuwaka na kuzima haraka. Jicho halioni, kamera inaona michirizi. Ijaribu ikiwa imeshushwa hadi asilimia 5, kwa kasi ya shata ya kamera mnayotumia. Tumia ya volti 24 na uilishe umeme kila baada ya mita 5, la sivyo mwisho wake hufifia.

Sauti, ambayo hukumbukwa mwisho

Meza ya kioo hurudisha sauti kwenye maikrofoni ya kifuani, na mtangazaji anasikika kama yuko ndani ya mtungi. Weka juu yake kitambaa kizito. Skrini ni ukuta mgumu, hivyo ukuta unaoikabili, nyuma ya kamera, ubebe sufi ya mawe ya sentimita 10 iliyofunikwa kitambaa kisichoshika moto. Kiyoyozi kipimwe kwa joto halisi: kilowati 1 ya taa na skrini ni takriban BTU 3,400 kwa saa, na kila mtu chumbani anaongeza kama wati 100. Mifereji iwe mipana ili hewa ipite polepole. Mfereji mwembamba hupiga mluzi.

Nyaya: umeme upite upande mmoja, sauti na picha upande mwingine, vikikutana vikatane kwa pembe mraba. Acha nusu ya kila bomba tupu. Andika lebo ncha zote mbili. Kila taa iliyotundikwa iwe na mnyororo wa usalama, na mzigo wa mabomba uidhinishwe na mhandisi, si na fundi umeme.

Rekodi taarifa nzima mara tatu au nne kwenye seti mpya huku mkirusha kutoka kona ya muda, na watangazaji wavae nguo zao za kazini. Zitazame kwenye televisheni ya kawaida ya nyumbani, halafu kwenye simu. Mkisharidhika, piga picha kila taa mahali ilipo, andika asilimia yake ya mwanga, na weka alama za miguu ya kamera sakafuni kwa rangi, maana selotepu haimalizi mwezi ikipigwa deki kila siku.