Nilivyoutengeneza upya mtego wa panya

Asubuhi ya kwanza niliukuta mtego umekaa vilevile nilivyouacha: springi imekazwa, upinde unaompiga panya umelala nyuma, waya unaouzuia umeshika. Kilichokosekana ni jibini tu. Usiku wa pili nikaweka jibini zaidi, nikalishwa aibu ileile. Wiki nzima nikawa ninamlisha mgeni ambaye sikumwalika, na mwenzangu akaanza kuniuliza kama panya wetu anapenda chakula chake kikiwa cha moto au baridi.

Ule mtego ulikuwa wa kawaida, wa ubao na springi. Aina hii ni ya kale, William C. Hooker wa Abingdon, Illinois, alipewa hataza ya mtego wa springi mwaka 1894, na ukiutazama wa leo utaona mabadiliko si makubwa. Ndipo nikajiambia kwamba kitu cha zaidi ya miaka 100 lazima kina kasoro ambayo mtu mwenye koleo na tupa anaweza kuirekebisha mezani kwake. Kasoro nilizikuta kweli. Ila sikuzikuta nilikodhani ziko.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuongeza nguvu. Niliiondoa springi ya asili nikafunga nzito zaidi. Ilipofyatuka kwa majaribio iliupasua ubao, na nilipobadilisha ubao, mtego ukawa mzembe kuliko mwanzo: panya anakula, anamaliza, anaondoka. Ilinichukua siku kadhaa kuelewa sababu. Springi ikivuta kwa nguvu zaidi, ule waya mrefu unaozuia upinde nao unakandamiza zaidi pale unaponasa kwenye kibati cha chambo. Msuguano unaongezeka. Kibati kinakuwa kigumu kusogea. Kwa hiyo nilikuwa nimetengeneza mtego wenye pigo kubwa ambao hautaki kupiga.

Panya mdogo wa nyumbani akiwa mtu mzima ana uzito wa gramu 20 hivi, mara nyingi chini ya 30. Tena haupandishi uzito wote huo juu ya kibati. Ananyoosha shingo, analamba, miguu ya nyuma iko salama sakafuni. Nikataka kujua mtego wangu unahitaji uzito gani. Nilichukua kifuniko cha chupa, nikakiweka juu ya kibati, nikawa ninamimina mchanga kidogo kidogo kwa kijiti kirefu mpaka ufyatuke, kisha ninaukusanya mchanga na kuupima kwenye mizani ya jikoni. Ule wenye springi nzito ulifika gramu 45. Ule wa asili, 26. Yaani ule wa asili ulikuwa unamngoja panya ajitupe juu yake mzima mzima.

Nikairudisha springi ya asili na kushughulikia pale waya na kibati vinapokutana. Nilisugua ncha ya waya kwa tupa nyembamba, kisha kwa msasa laini, mpaka ikang'aa. Kijino cha kibati nikakipunguza, kwa sababu kilikuwa kinaula waya kwa kina kisichohitajika. Mchanga ukashuka hadi gramu 6. Chini ya hapo usishuke. Nilijaribu 3, mtego ukawa unafyatuka lori likipita barabarani, na vidole vyangu viwili vina kumbukumbu ya hilo. Jambo ambalo sitarudia kulisema: mtego ukishakuwa mwepesi hivi, weka chambo kwanza ndipo utege, na uusogeze mahali pake kwa kusukuma na rula, si kwa mkono.

Usiku uleule nikanasa panya wawili. Nilidhani nimemaliza. Kumbe hao walikuwa wale wajinga.

Tuzungumze chambo kidogo, kwa kuwa hapa watu wengi wanashikilia jibini kama mimi nilivyofanya. Jibini si mbaya kwamba panya hulikataa. Ubaya wake ni kwamba hubebeka. Kipande kikavu kinanyakuliwa na kuondoka nacho. Siagi ya karanga hainyakuliki, inambidi aisugue kwa ulimi na meno. Tia kidogo sana, kiasi cha punje moja ya choroko, na uishindilie ndani ya kikunjo cha kibati ili aichokonoe. Rundo kubwa linampa nafasi ya kulamba juu juu bila kugusa chuma. Na kuna chambo kingine ambacho sikukiamini mpaka nilipokijaribu: uzi. Jike anayejenga kiota anatafuta pamba, nyuzi na vitambaa kwa bidii kuliko anavyotafuta chakula, hasa katika nyumba ambayo makombo hayakosekani. Funga kipande cha uzi wa pamba kwenye kibati kwa fundo gumu. Atakivuta. Kuvuta ndiko unakokutaka.

Wale waliobaki walikuwa wanapita kando ya mtego bila kuugusa. Nilijua hivyo kwa sababu nilinyunyiza unga mwembamba sakafuni kabla ya kulala. Asubuhi nyayo zilikuwa kama mshono: zimefuata ukuta, sentimita chache tu kutoka kwenye kona ya sakafu na ukuta, kutoka nyuma ya jiko hadi chini ya kabati. Mtego wangu ulikuwa katikati ya sakafu, umekaa peke yake. Panya haoni vizuri. Anasoma dunia kwa sharubu na ngozi, na ukuta ndio fimbo yake ya kutembelea. Kuutoka ukuta na kuvuka uwanja mtupu ni jambo analolifanya kwa kulazimika. Tangu siku ile sitegi kabla ya kulaza unga usiku mmoja. Unga ndio unaoniambia mahali pa kuweka, na mtego ninauweka ubao ukikatiza njia, upande wa chambo ukigusa ukuta.

Hapo ndipo mawazo yangu yalipogeuka. Nilikuwa nimejishughulisha na mashine, na panya hana habari na mashine. Anachokijua ni njia: giza, ukuta wa kushoto, ukuta wa kulia, upenyo mbele. Basi badala ya kuuboresha mtego zaidi, niamue kutengeneza njia, na mtego uwe ndani yake.

Kisanduku changu ni cha mbao nyembamba, urefu wa sentimita 30, upana unaotosha mtego na nafasi ndogo tu pembeni, kimo kinachouacha upinde uzunguke bila kugonga dari (pima hili mtego ukiwa ndani, maana mimi nililisahau nikalazimika kuchana dari la kisanduku kizima). Tundu la kuingilia lina sentimita 3. Panya hupenya tundu la milimita 6 au 7 hivi, unene wa penseli, kwa hiyo 3 kwake ni lango la ikulu. Kisanduku cha kwanza nilikiziba upande wa pili kwa ubao. Unga ukaonyesha nyayo zinafika mlangoni, zinasimama, zinarudi. Pango lisilo na pa kutokea halimvutii. Nikang'oa ule ubao nikapigilia wavu wa chuma wenye matundu madogo. Sasa hewa inapita na mwanga hafifu unaonekana upande wa pili. Anaingia akidhani anatokea kule. Mtego umekaa mgongo kwenye wavu, kibati kikimtazama anayeingia.

Mwelekeo huo una sababu nyingine ambayo niliijua kwa uchungu. Kabla ya kisanduku nilikuwa nimegundisha kadi ngumu juu ya kibati ili kiwe kipana, panya akikanyaga popote kifyatuke. Wazo zuri, vipimo vibaya. Kadi ilikuwa imetokeza nje ya mzunguko wa upinde, kwa hiyo mtego ulifyatuka kichwa cha panya kikiwa bado mbali, na asubuhi moja nilimkuta amenaswa mguu, yu hai, akiuburuta ubao. Sitaki kulisimulia zaidi. Kama unaamua kuua, ua mara moja, na hilo linategemea upinde kuangukia shingoni au nyuma ya kichwa. Anayekuja kutoka mbele ya kibati hupigwa hapo. Anayekuja kutoka ubavuni hupigwa kiuno au mkia. Kisanduku kinamlazimisha aje kutoka mbele tu. Kadi ninaitumia bado, ila nimeikata: inajaza upana wa kisanduku, na kwa urefu haivuki pale upinde unapotua.

Wahenga walisema mtego wa panya huingia aliyekuwamo na asiyekuwamo. Nyumbani kwangu asiyekuwamo ni mtoto wa miaka mitatu na paka mzee ambaye kwa panya hana msaada wowote. Kisanduku kiliwaondoa wote wawili kwenye hatari, kwa kuwa tundu la sentimita 3 haliruhusu mkono wa mtoto kufika kwenye kibati, ambacho kiko sentimita 15 ndani. Kifuniko nimekifunga kwa skrubu. Usitumie bawaba na ndoano tu, watoto hufungua.

Nimejaribu njia nyingine pia. Ndoo ndefu yenye kuta laini na fimbo inayozunguka juu yake inanasa wengi kwa usiku mmoja bila kutegwa upya, na ni rahisi kuitengeneza. Hakikisha kina chake kimezidi sentimita 40, maana panya huruka hadi 30 kwenda juu. Wengi hujaza maji chini. Mimi sifanyi hivyo, kuzama ni kifo cha polepole. Ukiiacha kavu, asubuhi una panya hai watano na hujui uwapeleke wapi. Mitego ya kunasa hai ina shida hiyohiyo, na inataka kukaguliwa asubuhi na jioni bila kukosa, kwani mnyama mdogo hivi hufa upesi kwa njaa, baridi na hofu. Gundi siigusi. Uingereza, upande wa England, ilipiga marufuku watu wa kawaida kuitumia kwa panya kuanzia mwaka 2024, na aliyewahi kumwona panya kwenye gundi hahitaji kuelezwa sheria hiyo ilitoka wapi.

Sasa idadi. Mtego mmoja mzuri haushindi mitano ya wastani, nalikiri hili kwa shingo upande baada ya kazi yote ile. Jike hubeba mimba kwa wiki 3 hivi na kuzaa watoto 5 hadi 8 kwa kawaida, na hao wakifikisha wiki 6 au zaidi kidogo nao wanaweza kuanza. Ukinasa mmoja kila siku tatu unakimbizana nao tu. Tega mingi siku moja. Nilitengeneza visanduku sita, nikavipanga kwenye njia zilizoonyeshwa na unga, kila mita 2 au 3, maana panya wa nyumbani hatembei mbali na kiota chake, mara nyingi ni mita chache tu. Siku tatu za kwanza nikaviweka na chambo bila kutega. Wale, wazoee. Usiku wa nne nikatega vyote sita. Asubuhi vinne vilikuwa na kitu.

Kisanduku kikikaa siku tano bila kuguswa, kihamishe. Panya wakubwa, wale wa mitaroni, huogopa kitu kigeni kwa siku nyingi. Huyu mdogo ni mdadisi; ukisogeza kitu anakuja kukichungulia, na udadisi wake ni chambo cha bure.

Kusafisha kuna utaratibu wake. Kinyesi usikifagie kikavu, vumbi lake hupanda puani pamoja na vijidudu. Vaa glavu, nyunyiza dawa yenye klorini, subiri dakika 5, futa kwa karatasi, tupa. Mtego wenyewe siusugui sana. Harufu ya panya aliyetangulia haijawahi kumfukuza anayefuata, kwa niliyoyaona.

Na matundu yazibwe, la sivyo unatega milele. Penseli ikipita, panya anapita. Nilikuta tundu la namna hiyo nyuma ya jiko, pale bomba linapoingia ukutani. Nilishindilia waya wa kusugulia sufuria kisha nikapiga saruji juu. Sponji peke yake wanaitafuna kwa usiku mmoja.

Visanduku vitano sasa viko stoo. Cha sita nimekiacha chini ya kabati, hakijategwa, kina chambo na unga mwembamba mlangoni, na kila Jumamosi ninapiga magoti na tochi kukichungulia. Kwa wiki 11 unga ulikuwa laini kama ulivyolazwa. Jumamosi iliyopita ulikuwa na nyayo nne, ndogo sana, zinazoingia. Tupa na msasa viko mezani tena.