Futa hiyo barua kwanza: uwanjani waamuzi walisema nini?

Mkuu mleta mada, hiyo barua ya malalamiko kwa ofisi inayosimamia ligi usiitume. Umeuliza mambo mawili: kama klipu yako ya sekunde tano inathibitisha kwamba mpira ulivuka mstari wa goli, na sheria za futiboli ya vyuo vya Marekani zinatofautiana vipi na za NFL, ligi ya kulipwa. Naanza na la klipu, maana hapo ndipo tunapotumbukia wengi, watu wazima na akili zetu, halafu tunanuniana na mashemeji msimu mzima.

Umesimamisha picha, umechora mstari mwekundu, umeandika "WIZI MTUPU". Uzi wako nimeusoma mara mbili nikitafuta kitu kimoja tu na sijakiona: kabla ya video kuangaliwa, waamuzi uwanjani walitoa uamuzi gani? Bila hicho, klipu yako haifikii hata thamani ya bando ulilotumia kuipandisha.

Chumba cha video hakiulizwi "nini kilitokea?" Kinaulizwa "je, kuna ushahidi wa video usiopingika kwamba uamuzi wa uwanjani ni kosa?" Hayo ni maswali mawili, na kuyachanganya ndiko kunakoua hoja za watu. Mwamuzi wa pembeni akinyoosha mikono juu kuashiria tachidauni (bao la huku, mpira ukivuka mstari wa goli), video lazima ionyeshe pasipo shaka kwamba mpira haukuvuka. Akikimbia ndani na kuweka mguu kwenye nusu yadi, yaani mpira uliishia hapo, video lazima ionyeshe pasipo shaka kwamba ulivuka. Tukio lilelile, picha zilezile, majibu mawili yanayopingana, na yote mawili ni halali. Waliozoea VAR wanaijua hii habari ya "kosa la wazi na la dhahiri". Huku ni kaka yake, tena mkali zaidi.

Chukua Ohio State na Michigan, Novemba 26, 2016. Muda wa nyongeza wa pili, Michigan wako mbele 27-24, Ohio State wana jaribio la nne, yaani la mwisho, na wanahitaji yadi moja ili wapewe majaribio mengine. J.T. Barrett akakimbia na mpira, akaangukia kwenye rundo la watu, waamuzi wakasema amefika. Video ikaangaliwa, uamuzi ukabaki. Jaribio lililofuata Curtis Samuel akakimbia yadi 15 akafunga, 30-27, mchezo ukaisha. Mashabiki wa Michigan bado wanazo picha zao za kusimamisha na mistari ya kila rangi. Sasa geuza: waamuzi wangesema hajafika, kwa maoni yangu picha hizohizo zisingetosha kuwapa Ohio State chochote, na Michigan wangeondoka washindi. Mechi ile iliamuliwa pale mwamuzi alipoweka mguu chini. Video ilikuja kugonga muhuri tu. (Najua humu kuna watu wa Michigan. Nimeshavaa helmeti, rusheni mawe.)

Halafu hiyo picha yenyewe uliyoisimamisha. Klipu za mitandaoni nyingi ni fremu 30 kwa sekunde. Mchezaji anayekimbia yadi 8 kwa sekunde anasogea kama sentimita 24 kati ya fremu na fremu, na mpira wenyewe una urefu wa kama sentimita 28. Kwa hiyo kati ya fremu unayosema "goti bado liko juu" na ile "goti limegusa" (likigusa chini, mchezaji ameshaanguka), mpira umeshasafiri karibu urefu wake mzima na wewe hukuona. Ukipunguza mwendo kwa programu ya simu ndiyo balaa zaidi: nyingi huchora fremu za kubuni ili kujaza mapengo. Unabishana kwa ushahidi ambao simu yako imeutunga.

Kamera nayo ilikuwa wapi? Kama haikuwa sambamba kabisa na mstari wa goli, inadanganya, na inadanganya kwa mwelekeo unaojulikana. Kamera iliyo juu jukwaani usawa wa yadi ya 20 hufanya mpira ulioshikwa kifuani uonekane uko mbele zaidi ya ulipo, kwa sababu unaulinganisha na mstari uliochorwa ardhini. Klipu yako, kwa jinsi nyasi zinavyolala, imetoka kamera ya namna hiyo. Na mara nyingi kamera inayoona goti haioni mpira, na inayoona mpira haioni goti. Unahitaji picha moja yenye vyote viwili, au mbili zilizooanishwa kwa wakati uleule. La sivyo huna kitu. Jambo moja liko upande wako, nalo hukulitaja: huku si kama soka ambako mpira wote lazima upite. Ncha ya mpira ikigusa tu ukingo wa mbele wa mstari, hata hewani, ni tachidauni, ilimradi mchezaji hajaanguka bado.

Hapa ndipo nawakasirikia wale jamaa wa kukata klipu. Wanakata mwanzo ili usione ishara ya mwamuzi, wanakata mwisho ili usisikie tangazo la refa mwenye kofia nyeupe, wanakuachia sekunde tano za hasira. Na wachambuzi wa televisheni wanaotamka "mimi naona kavuka" wakati hakuna aliyewauliza wanaona nini! Wakiwa na haya wangeanza na "uwanjani wamesema hivi, sasa je, kuna cha kuupindua?" Lakini hilo haliongezi watazamaji.

Kuhusu kuandikia ofisi ya konferensi, yaani umoja wa vyuo unaosimamia ligi: wakubwa zako walishajaribu. Septemba 16, 2006, Oregon walimfunga Oklahoma 34-33. Kwenye kiki fupi ya Oregon dakika za mwisho, ile ya kutaka kuudaka mpira wenyewe tena, mchezaji wa Oregon aligusa mpira kabla haujasafiri yadi 10, na juu ya hapo Oklahoma ndio walioudaka. Waamuzi wakawapa Oregon, chumba cha video kikaacha hivyo. Hapo ushahidi usiopingika ulikuwepo kweli. Konferensi ya Pac-10 ikakiri kosa, waamuzi wakasimamishwa mchezo mmoja. Rais wa chuo cha Oklahoma mwenyewe, David Boren, aliomba mchezo ufutwe kwenye kumbukumbu. Bado ni 34-33.

Mwaka 2015 Miami walimfunga Duke 30-27 kwa kurudisha kiki huku wakipasiana nyuma mara nane. Goti la mmoja wao lilikuwa limegusa chini kabla hajaachia mpira. Waamuzi wakasimamishwa mechi mbili, matokeo palepale. Mwaka 1990 Colorado walipewa majaribio matano badala ya manne dhidi ya Missouri, wakafunga kwenye la tano, 33-31. Matano, mkuu! Hata hilo halikufutwa. Kitabu cha sheria za NCAA, chama cha michezo ya vyuo, kinasema refa akishatangaza mchezo umekwisha, matokeo ni ya mwisho. Cornell mwaka 1940 waliachia ushindi wao kwa Dartmouth baada ya filamu kuonyesha jaribio la tano, lakini waliachia wenyewe kwa hiari, kwa telegramu, hakuna ofisi iliyowalazimisha. Wewe unategemea wapinzani wako wakutumie telegramu?

Tofauti na NFL, haraka haraka: chuoni mchezaji akigusa ardhi kwa goti ameshaanguka hata kama hajaguswa na mtu, mpokeaji anahitaji mguu mmoja tu ndani ya mstari, na kumzuia mpokeaji kabla mpira haujafika hakuzidi adhabu ya yadi 15. Kosa hilo la kumzuia, pamoja na la kushika, kocha hawezi kulipeleka kwenye video, kwa hiyo uzi wako wa wiki iliyopita wa kulalamikia makosa hayo nao upo hewani.

Fanya hivi. Tafuta klipu nzima, kuanzia mpira unapoanzishwa mpaka refa anapofungua maikrofoni. Mstari wa kwanza wa uzi andika uamuzi wa uwanjani, halafu usawa wa yadi ilipokuwa kamera, halafu fremu ngapi kwa sekunde. Ndipo uweke picha. Na kama uwanjani walisema hajavuka, leta pembe ya mstari wa goli, maana hiyo ya jukwaani hata mimi ninayekuonea huruma siwezi kuipigia kura.